Kontroboksi ya Mwalimu Kibwana

Kwenye msiba wa Fundi Msuya walinipa kipaza sauti. Msemaji wa familia alisema sasa tumsikie Neema, mwanafunzi wa kwanza wa kike wa marehemu, ambaye leo naye ni fundi umeme wa magari na ana gereji yake hapa hapa Kibaha. Nikasimama chini ya turubai, nikaeleza alivyonipokea nikiwa sijui kushika mita, alivyomchukia mtu wa kukisia, alivyofuta mikono kwenye kitambaa kilekile cha bluu kabla ya kugusa usukani wa mteja. Watu walitikisa vichwa, na wengine walicheka nilipoigiza sauti yake. Niliongea vizuri, nakiri. Huwa naongea vizuri hasa pale ninapoacha kitu. Siku ile nilichokiacha ni mwaka wangu wa kwanza kwake, na nilikiacha kwa sababu kwenye mstari wa tatu wa viti vya plastiki, fimbo ikiwa katikati ya magoti, alikuwa amekaa Mwalimu Kibwana wa Kisarawe. Sikuwa nimemwona kwa miaka mingi, na kusema kweli nilikuwa nimefanya juhudi nisimwone.

Nilikotoka, wazazi wangu walisema nini kuhusu binti anayelala chini ya magari, hayo nayaacha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nina cheti cha umeme na sina kazi, na Msuya alinipa nafasi. Gereji yake ilikuwa Maili Moja, uwanja mpana wenye changarawe iliyogeuka nyeusi kwa oili, banda la mabati, na pembeni kijumba cha chumba kimoja tulichokiita ofisi. Ofisi ile ningeweza kuichora hadi leo. Meza ya mbao iliyounguaungua kwa pasi ya risasi ya kuungia waya, rafu ya makopo ya skrubu, redio yenye antena ya waya, dirisha lisilo na kioo linalotazama jiko la mama ntilie, Mama Sikudhani. Harufu ya risasi iliyoyeyuka ilichanganyika na ya vitunguu vyake, na mpaka leo nikiunga waya nasikia njaa. Nilikuwa na furaha mle ndani. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akisoma yanayofuata anaweza kudhani ulikuwa mwaka wa mateso tangu Januari, na haukuwa hivyo. Msuya alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliopata kuwa nao, alinifundisha bila kunipigia kelele, na wateja walipouliza kwa nini msichana ndiye anayefungua gari lao aliwajibu kwamba mikono midogo inapita kusikopita ya kwake.

Kuna jambo la gereji ambalo mteja haambiwi. Gari lake likilala uani, vifaa vyake ni vya wote. Siyo wizi, au sisi hatukuuita wizi. Gari moja limegoma, fundi anahisi kifaa fulani kimekufa lakini hana uhakika, na kifaa kipya kinaagizwa Dar es Salaam na hakirudishwi dukani. Basi anaangalia kama uani kuna gari jingine la aina ileile ambalo ni zima. Anachomoa cha lile, anakipachika kwenye hili, anawasha. Likiwaka, amejua ugonjwa. Kisha anakirudisha mahali pake na mwenye gari zima anakuja kulichukua, anashukuru, hajui kwamba nusu saa nzima moyo wa gari lake ulikuwa ndani ya gari la mtu mwingine. Tuliita kujaribishia. Kila gereji niliyoijua ilifanya hivyo, na ninaogopa kusema kwamba hata yangu ilifanya hivyo kwa muda, hata baada ya yote.

Mwalimu Kibwana alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, Mzaramo wa Kisarawe kwa baba na mama, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kumsahihisha mtu Kiswahili chake kisha kuomba radhi. Alikuwa na gari dogo la Kijapani la rangi ya fedha, lililonunuliwa kwa kiinua mgongo, na hakulitumia kwa starehe. Mwezi wa tatu mwaka ule mkewe, Bi Tatu, alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ulilala. Akaanza kupelekwa hospitali ya Tumbi kwa mazoezi ya viungo, mara tatu kwa wiki, na mtaalamu alikuwa amewaambia waziwazi kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye faida. Bodaboda hakuweza kukaa. Bajaji walijaribu mara moja kwenye ile barabara ya vumbi, akateleza kwenye kiti na kuumia bega lilelile bovu. Teksi ya mara tatu kwa wiki pensheni isingeimudu, kwa hiyo likabaki gari lake. Aliniambia mwenyewe haya, amekaa juu ya tairi kuukuu uani kwetu, siku alipolileta kwa ajili ya breki na bushi za mbele. “Juzi amesimama, mwanangu,” aliniambia. “Ameshika vile vyuma viwili, akasimama akihesabu mpaka kumi na nne. Mimi nilihesabu naye moyoni.” Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa tano. Tulimwambia aje Jumamosi, kwa sababu Jumatatu yake ilikuwa ya Tumbi.

Ijumaa asubuhi likavutwa gari la aina ileile, jeusi, la mkandarasi mmoja aliyekuwa na kazi zake huko Kwala. Alikuwa mtu wa simu mbili na sauti moja, ya juu. Gari lilikuwa linatetemeka likisimama, linazima, na sasa halikubali kuwaka kabisa. Msuya alichomeka mashine ya kupimia, ikawa haizungumzi na kontroboksi, yaani ile kompyuta inayoiongoza injini, kisanduku cha bati kinachokaa ndani nyuma ya dashibodi. Akalifungua lile sanduku, akalinusa. Alikuwa na pua ya kazi ile. “Imeungua,” alisema. “Lakini kontroboksi haijiunguzi yenyewe. Kuna kitu kimeiunguza.” Akanieleza kuhusu kivali kidogo kinachopitisha hewa ya injini gari likiwa limesimama linanguruma. Kwenye magari yale, maji ya rejeta huvuja taratibu yakaingia kwenye mota ya kivali hicho, nyaya zake zinashikana, na shoti inarudi moja kwa moja kwenye kontroboksi. Ukifunga kontroboksi nyingine bila kukibadilisha, nayo inaungua. “Kipime kwanza,” aliniambia. “Kikiwa kizima, chomoa ya Mwalimu tujaribishie.” Kisha akaondoka kwenda kumpokea mkandarasi aliyekuwa anapiga simu kutoka langoni.

Kivali kile kimekaa mahali pabaya, chini nyuma ya bomba la hewa. Skrubu zake zilikuwa na kutu. Soketi yake niliigusa kwa ncha za vidole, ikagoma kuachia, ukucha ukavunjika. Ilikuwa saa sita na nusu, Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku pekee Mama Sikudhani alipika pilau. Lilikuwa sufuria moja tu, na kufika saa saba lilikuwa limekwisha. Kupitia lile dirisha nilimsikia akisema, “Limebaki la watu wanne.” Nimejaribu miaka yote kuitafutia siku ile sababu nzito zaidi ya hiyo. Hakuna. Nilitaka pilau. Msuya aliponiuliza kutoka langoni, “Vipi kivali?” nilijibu, “Kizima, Fundi.” Akaniamini kwa sababu ndiye aliyenifundisha.

Nilikula haraka, nikarudi, nikachomoa kontroboksi ya Mwalimu. Boliti mbili za spana namba kumi, plagi tatu, kazi ya dakika tano. Nikaipachika kwenye gari jeusi. Msuya akazungusha ufunguo na injini ikawaka mara moja, ikanguruma vizuri, na mkandarasi, ambaye alikuwa amekwisha kutishia kulivuta gari lake kwingine, akapiga makofi. Tuliliacha lingurume. Msuya alikuwa anamweleza kwamba ugonjwa umeonekana, sasa itatafutwa kontroboksi yake, na mimi nilikuwa nasikiliza nikijiona fundi, na baada ya kama dakika kumi gari likaanza kutetemeka kidogo, likatetemeka zaidi, likazima. Kisha ikaja ile harufu, kali, ya plastiki na kitu kitamu kidogo. Msuya hakuhitaji kuinama. Aliniangalia, na mimi nikaangalia chini.

Jioni ile alikifungua kivali yeye mwenyewe. Alitumia nusu saa kuzilegeza zile skrubu, akapulizia dawa ya kutu mara mbili, mimi nimemshikia taa. Alipokitoa, maji ya kijani yalidondoka kwenye kiganja chake. “Hiki hapa,” alisema. Kutu ya skrubu ilikuwa nzima kabla hajazigusa, na vumbi la miaka lilikuwa limeifunika soketi yote isipokuwa alama mbili ndogo za vidole. Mtu wa macho yake asingekosa kuona. Nilisubiri aniulize. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Alikifunga kivali kwenye gazeti, akakiweka mfukoni, akasema nifagie uwanja.

Mwalimu alikuja Jumamosi kama tulivyomwambia, amevaa kanzu safi. Gari lake lilikuwa na breki mpya na bushi mpya na halikuweza kuwaka. “Mwalimu, limetusumbua,” Msuya alimwambia. “Tulitaka kulijaribu baada ya kufunga breki, likakataa. Ni kontroboksi.” Mwalimu alilitazama gari kwa muda. “Lakini nililileta likitembea, Fundi.” “Ni kweli, mwalimu. Umeme hauagi.” Nilikuwa nimesimama na spana mkononi. Mwalimu akasema, “Basi, ndiyo kazi ya Mungu,” akauliza itachukua muda gani, na Msuya akasema wiki moja, tutaisaka Dar, na hatatozwa hata shilingi kwa sababu limegoma mikononi mwetu. Mwalimu akamshukuru kwa wema huo. Alimshukuru kweli, kwa mikono miwili. Alipoondoka, nilimfuata Msuya ofisini nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda tumwambie. Alikuwa anafuta mikono. “Ukimwambia mtu kwamba umetoa kitu kwenye gari lake bila kumwuliza, huyo umemkosa, na yeye ana ndugu na majirani. Tutamrudishia nyingine, hatajua, na hakuna atakayekuwa ameumia. Wiki moja, Neema.” Nilisema sawa. Nilikuwa na deni kubwa zaidi ya lake, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba hakulitaja.

Haikuwa wiki moja. Baada ya wiki tatu ilipatikana kontroboksi moja ya mtumba yenye namba zinazolingana, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba ubaya mara nyingi hufanyiwa watu wenye adabu. Mkandarasi alikuwa anapiga simu kila siku na alikuwa amekuja mara mbili na mtu wa kumshuhudia. Mwalimu alikuwa anakuja kila Jumanne kwa usafiri wa kubadilisha mara tatu, anakaa juu ya tairi, anatusalimia wote kwa majina, ananiletea korosho zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari. “Shikamoo, mwalimu.” “Marahaba, binti fundi. Bado?” “Bado, mwalimu.” “Haya. Mnahangaika.” Msuya aliigeuza ile kontroboksi mikononi, akasema, “Tumpe huyu wa Kwala aondoke na kelele zake. Mwalimu ni mtu wa subira.” Niliifunga mimi, pamoja na kivali kipya. Nilikipima mara nne.

Ya pili ilikuwa na herufi moja tofauti mwishoni mwa namba, nayo ilikuwa ya gari la gia za mkono. Ilipofungwa injini iliwaka lakini gia haikubadilika. Ya tatu haikukubali ufunguo mwingine ila ule wa gari ilikotoka, na gari hilo lilikuwa limekwisha kukatwakatwa huko Dar na ufunguo hakuna anayejua ulipo. Injini ilizunguka, taa nyekundu ikapepesa kwenye dashibodi, basi. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane. Siku hizi ningemaliza tatizo lile kwa kompyuta ya mapajani na saa mbili za kazi, nimefanya hivyo mara nyingi, na kila nikimaliza mteja anashangaa kwa nini fundi hafurahi. Wakati ule hatukuwa na kifaa hicho wala hatukumjua aliyekuwa nacho. Tulikuwa na mikono, mita, na simu ya mtu wa dukani aliyesema kila mara kwamba kontena linashuka wiki ijayo.

Mwezi wa tisa Msuya alinituma Kisarawe nikachukue kadi ya gari, kwa kuwa muuzaji mmoja alitaka kuhakikisha namba. Nilikwenda na moyo mzito na nikakaribishwa kama mkwe. Nyumba ilikuwa ya matofali, sebule ndogo yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, saa ya ukutani, rafu ya vitabu vya darasa la tatu mpaka la saba ambavyo Mwalimu hakuweza kuvitupa. Kitanda cha Bi Tatu kilikuwa kimehamishiwa pale sebuleni ili aone watu. Alikuwa mwanamke mweupe wa sura, mwenye nywele za mvi zilizosukwa vizuri, na mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, vidole vimefumba. Mkono huo ulishika soksi zilizoviringishwa kuwa mpira. “Ndiyo mazoezi yetu,” Mwalimu aliniambia. “Tunabana soksi.” Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu kutengeneza vyuma viwili vya kusimamia kwa miti ya mkaratusi, vilikuwa ukumbini, na mguu wa kimoja ulikuwa umevunjika. Waliandaa wali wa nazi na kisamvu. Bi Tatu alikataa kulishwa mbele ya mgeni. Alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, taratibu, na wali ulipodondoka kwenye khanga sote tulitazama saa ya ukutani.

Baada ya chakula nilipeleka vyombo uani, na kutoka ndani nikamsikia wifi yake Bi Tatu, dada wa Mwalimu aliyekuwa akikaa nao kumsaidia, akiongea kwa hasira ya chini chini. “Huyo fundi wako anakuchezea, kaka. Gari lilikwenda zima. Waliliua wenyewe, mimi nakwambia.” Mwalimu akamjibu bila kupandisha sauti. “Msuya namfahamu. Mtu akikudanganya, macho yake hukwepa. Na huyu binti ungemwona, anaumia kuliko sisi.” Sahani zilikuwa mikononi mwangu, zina maji ya sabuni. Nikasema moyoni, sasa ingia. Niliingia. Bi Tatu alikuwa akinitazama. Alifungua mdomo, na maneno yake wakati huo yalikuwa mazito, yalitoka moja moja. “Gari,” alisema. “Lini?” Nikamwambia, karibu, mama. Akatikisa kichwa, akabana soksi zake, kunionyesha. Vidole viwili ndivyo vilivyosogea. Mwalimu alinisindikiza hadi barabarani, na tulipokuwa tumesimama kusubiri usafiri nilisema, “Mwalimu, lile gari…” akanikatiza kwa kunipa mfuko wa korosho. “Usiseme, mwanangu. Najua mnavyohangaika.” Nilipanda. Nilikuwa nimepata nafasi yangu, na nilichukua korosho.

Kontroboksi iliyokubali ilikuja mwezi wa kumi na moja. Niliifunga mimi. Gari la Mwalimu liliwaka kana kwamba lilizimwa jana, na Msuya, ambaye sijawahi kumwona akikaa chini mchana, alikaa kwenye lile tairi akajifunika uso kwa kile kitambaa cha bluu. Aliniagiza nifuatane nao siku ya kwanza ya Tumbi, iwapo lingeleta shida njiani. Halikuleta. Tulimshusha Bi Tatu sisi watatu, mimi, Mwalimu na dada yake, tukamwingiza chumba cha mazoezi, na mimi nikabaki kwenye benchi la korido, mlango umerudishwa nusu. Mtaalamu alikuwa dada mpole. Alifanya kazi yake kwa muda mrefu, nilisikia akisema “jaribu tena, mama” mara nyingi, kisha nikamsikia akishusha sauti. Misuli imekaza, alisema, na kifundo cha mguu kimejishika vibaya. Wataendelea, ila kwa kutembea asingependa kuwapa matumaini makubwa. Halafu Mwalimu akasema, kama mtoto aliyechelewa shule, “Gari lilikuwa limeharibika.” “Ndiyo, baba,” dada yule alijibu. “Hutokea.”

Wakati wa kurudi Mwalimu aliendesha polepole. Mkewe alikuwa kiti cha mbele na mimi nyuma na wifi yake, nikitazama kisogo cha Bi Tatu na zile nywele zilizosukwa vizuri kwa ajili ya siku ile. Hakulia. Alisema, “Gari zuri,” na Mwalimu akasema, ndiyo, sasa liko vizuri. Nililala siku mbili nikamwambia Msuya nina malaria. Niliporudi alinipa kazi ngumu zaidi kuliko alizowahi kunipa, na tangu hapo kila nilichopima alitaka nipime mbele yake. Hatukuzungumza habari ile, si mwaka ule, si miaka sita iliyofuata niliyofanya kazi kwake, si siku aliponikabidhi mita yake nilipoondoka kufungua gereji yangu. Mtu anaweza kupendana na mtu namna hiyo, kwa kukaa pembeni ya kitu kimoja bila kukigusa. Nilidhani alinyamaza kwa ajili ya jina la gereji. Niliendelea kudhani hivyo mpaka siku ya kumzika.

Baada ya mazishi, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, Mwalimu aliniita kwa fimbo. Nikapiga goti, nikamwamkia, akaniitikia. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini Kiswahili chake bado kimenyooka. Akaniambia nimeongea vizuri. Kisha akaniambia kwamba Msuya alikwenda Kisarawe mwaka juzi, akiwa tayari anaumwa, akakaa sebuleni kwake akamweleza kila kitu: kwamba alichomoa kontroboksi ya gari lake bila ruhusa, akaijaribishia kwenye gari la mtu, ikaungua, na aliponyamaza ilikuwa ni woga. “Alilia, mwanangu. Mtu mzima. Nikamsamehe, ningefanya nini, na Bi Tatu naye alisamehe, ilimchukua muda.” Alipapasa mkono wangu. “Akatuambia pia habari zako. Kwamba wewe ulimsihi kivali kipimwe kwanza, yeye akakataa kwa sababu ya haraka. Kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Bi Tatu tangu siku hiyo anakutaja kwenye dua zake. Amenituma nikushukuru.”

Nilikuwa bado nimepiga goti. Nilielewa basi kwamba Msuya aliziona zile skrubu, alijua tangu jioni ile, akalibeba kosa langu, na mwishoni akalipeleka Kisarawe kwa jina lake badala ya langu. Nilimpenda kwa hilo na nilimkasirikia kwa hilo, kwa sababu alikuwa ameniacha na shukrani ya Bi Tatu, na sikujua pa kuiweka. Ningeweza kusema asante, mwalimu, msalimie mama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. “Mwalimu,” nikasema, “mimi sikukipima.” Hakusikia vizuri, akaniinamia. Ilinibidi nirudie kwa sauti zaidi, na mwanamke aliyekuwa anapita na sahani akageuka. “Aliniagiza nikipime. Nilisema nimekipima, ni kizima. Nilidanganya. Sikukifungua.”

Mwalimu aliuacha mkono wangu. Siyo kwa nguvu, aliuweka tu chini, kwenye goti langu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Kisha akaegemea fimbo yake akasimama, na nilipotaka kumsaidia alikataa kwa kichwa.

“Hayo siwezi kukubebea,” alisema. “Njoo umwambie mwenyewe. Yupo. Haendi popote.”

Hii ni wiki ya tatu. Gari langu ni zima, tangi limejaa, na bado sijaenda.